Gome la Mti wa Matunda Likiharibika: Mwongozo Kamili wa Kutambua Chanzo Kabla ya Kutibu

Wengi wanaoniuliza kuhusu mti wenye jeraha hunijia wakiwa wameshapaka kitu: lami, rangi ya mafuta, oili chafu, hata saruji. Watanieleza vizuri sana walichopaka. Nikiuliza ukingo wa jeraha ulikuwa na rangi gani, kimya. Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Ukishapaka umefunika ushahidi wote, na kama chanzo ni kuvu au mdudu, umemfungia ndani pamoja na unyevu anaoupenda.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kutambua. Tiba iko mwishoni, nayo ni fupi, maana chanzo kikishajulikana tiba nyingi ni nyepesi. Tenga muda wa saa nzima asubuhi, mti ukiwa mkavu.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Kisu kidogo kikali. Kile cha kubebeshea miche (kuunganisha kitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine) kinafaa zaidi. Kisu butu huchana gome badala ya kulikata.
- Spiriti ya asilimia 70 na kitambaa safi. Ukikosa, changanya sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na sehemu 9 za maji. Ukimaliza suuza kisu na ukikaushe, kwa sababu klorini hula chuma.
- Utepe wa kupimia wa fundi cherehani, au uzi na rula.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Brashi laini. Mswaki wa zamani unatosha.
- Waya mwembamba unaopindika.
- Sepeto ndogo ya mkono na kijiti.
- Daftari, na simu yenye kamera.

Futa kisu kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohamia mti mwingine. Kuvu na bakteria husafiri kwenye ubapa wa kisu, na nimeona watu wakieneza ugonjwa bustani nzima wakati wakiutafuta.

## Jambo moja la kuelewa kabla hujagusa mti

Chini ya gome gumu la nje kuna gome la ndani, laini na lenye majimaji. Hilo ndilo linaloshusha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Kati yake na mbao kuna kambiamu, utando mwembamba sana unaozalisha gome jipya upande mmoja na mbao mpya upande wa pili. Maji yenyewe hupanda kupitia mbao.

Ndiyo maana mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote unaweza kubaki kijani kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Maji yanaendelea kupanda, majani yanang'aa, huku mizizi ikifa njaa. Ukisubiri majani yakupe habari, habari itakufikia imechelewa.

## Hatua ya 1: Tazama mti mzima ukiwa mbali

Zunguka mti mara mbili bila kugusa chochote. Andika mambo matatu.

La kwanza, dalili ziko wapi juu? Kama tawi moja tu lina manjano na jeraha liko kwenye tawi hilo, umeshapunguza eneo la kutafuta. Kama mti mzima umedumaa na majani ni madogo, shuku shingo ya mti au mizizi, hata kama jeraha unaloliona liko juu. Angalia pia tawi lililochanua au kuzaa kupita kiasi ghafla. Mara nyingi hufurahisha, lakini gome likikatika kuzunguka tawi, sukari hunaswa juu ya mkato na tawi hujaa maua. Tafuta waya au kamba iliyosahaulika.

La pili, jeraha liko upande gani? Jeraha lililo upande unaopigwa na jua la mchana na alasiri peke yake lina maana kubwa, kama utakavyoona katika hatua ya 6.

La tatu, liko urefu gani kutoka ardhini? Pima, usikadirie kwa macho.

Umefaulu ukiwa na: mchoro mdogo wa mti wenye alama ya kila jeraha, upande wake na urefu wake.

## Hatua ya 2: Fukua shingo ya mti

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami siikubali ripoti ya mtu ambaye hakuifanya.

Shingo ni pale shina linapopanuka kuingia mizizini. Ondoa matandazo, kisha fukua udongo taratibu kwa kijiti na vidole, si kwa jembe, mpaka uone mizizi mikubwa ya kwanza ikichepuka. Sugua gome kwa brashi.

Niliwahi kuitwa kwenye mlimau uliokuwa umepigwa dawa ya wadudu mara tatu. Juu ya ardhi kulikuwa na matone matatu tu ya ulimbo, yana rangi ya asali, yamekauka kama vipande vya kioo. Mwenyewe alikuwa na hakika ni mdudu. Nikachota udongo kwa mkono, kina cha kiganja. Pale palipobebeshwa palikuwa pamefukiwa kabisa, na nilipobonyeza kwa kidole gumba gome likateleza, likatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake palikuwa na rangi ya kahawia, pamelowa, pananuka kama kitu kilichochacha. Karibu nusu ya mzunguko ilikuwa imekwisha kuoza, na hakukuwa na mdudu hata mmoja.

Unachotafuta hapa ni vitu vinne: gome lililolowa na kuwa laini, mzizi uliojizungusha shina na kulikaba, vijia vya udongo vya mchwa, na kama sehemu iliyobebeshwa iko chini ya udongo. Michungwa na milimau iliyobebeshwa kwa kawaida husimama juu ya shina la chini linalovumilia zaidi uozo wa shingo. Ukifukia kiungo, yaani pale palipobebeshwa, unaugusisha udongo mbichi na upande wa juu ulio dhaifu.

Onyo: usirudishe udongo ukimaliza. Shingo inapaswa kubaki wazi na kavu.

## Hatua ya 3: Ondoa yasiyo ugonjwa

Mpera hujimenya gome wenyewe na kubaki laini wenye mabaka. Ndivyo ulivyo, uache.

Mabaka makavu ya kijivu au kijani yaliyoganda juu ya gome kama karatasi iliyokunjamana hayali mti. Yanakaa juu tu. Yakiwa mengi sana kwenye matawi, huenda mti umepunguza majani na mwanga unaingia, basi tafuta sababu ya majani kupungua.

Nyufa za wima zisizo na kina, zinazoonyesha rangi mpya na kavu ndani, ni shina linalonenepa haraka.

Unga mweupe kwenye mparachichi huwatisha wengi. Ni sukari ya utomvu iliyokauka, na mvua ikinyesha huoshwa. Wenyewe hauna madhara ila unakuonyesha kwamba gome limeumia mahali hapo, basi paandike.

## Hatua ya 4: Kwangua kidogo, upate mpaka wa uhai

Anza mahali penye afya kwenye mti huohuo, mbali na jeraha. Kwangua gome la nje kwa ncha ya kisu, eneo dogo kama ukucha wa kidole kidogo, mpaka ufike kwenye majimaji. Hiyo rangi ndiyo kipimo chako. Watu wameambiwa watafute kijani, na kwenye vitawi vichanga ni kweli. Kwenye shina nene gome hai la ndani linaweza kuwa jeupe, la rangi ya krimu au la waridi hafifu. Usilinganishe mwembe na mtofaa. Linganisha mti na wenyewe.

Sasa nenda kwenye ukingo wa jeraha. Kwangua nukta ndogo, songa nje kidogo, kwangua tena, hadi ukutane na rangi ile ya mwanzo. Soma rangi palepale unapokata, kwa sababu miti mingine, mparachichi ukiwemo, hubadilika kuwa kahawia dakika chache baada ya kupata hewa.

Hivi ndivyo unavyosoma:

- Mbichi, lina unyevu, rangi kama ya kipimo: hai.
- Kahawia, kavu, limeshikana na mbao: limekufa zamani. Huenda chanzo kimeshaondoka.
- Kahawia au jekundu-jekundu, limelowa, mpaka wake na gome lenye afya hauonekani wazi: uozo unaendelea.
- Mpaka ulionyooka na mkavu, wenye mdomo mnene unaoviringika kuelekea ndani: mti umejizungushia ukuta na unafunika jeraha. Hii ndiyo alama ya furaha kuliko zote.

Weka nukta ya wino kila mahali ulipokuta uhai. Ukiziunganisha utapata umbo la jeraha halisi, ambalo mara nyingi ni kubwa kuliko lile linaloonekana kwa macho.

Onyo: nukta sita hadi nane zinatosha. Kila mkwaruzo ni mlango mpya, na kuchimbachimba hakuongezi maarifa.

## Hatua ya 5: Pima mzunguko uliobaki

Pima mzingo wa shina pale jeraha lilipo pana zaidi, kisha upana wa gome lililokufa, kwa mlalo. Shina la sentimita 40 lenye jeraha la upana wa sentimita 12 limepoteza asilimia 30.

Urefu wa jeraha wima hautishi sana. Mchubuko mwembamba wa nusu mita kutoka juu kwenda chini una nafuu kuliko pete ya sentimita 3 inayolizunguka shina lote. Na kama yapo majeraha mawili yaliyokaribiana kwa kimo, pande tofauti, yajumlishe, kwa sababu sukari inayoshuka lazima iyapite yote.

Chini ya robo, mti wenye nguvu kwa kawaida hujifunika wenyewe. Kati ya robo na nusu, utasuasua na unahitaji kupunguziwa mzigo wa matunda. Zaidi ya nusu, uko hatarini. Pete nzima, utakufa usipopandikiziwa daraja la vikonyo, yaani vipande vya vitawi vinavyovuka jeraha.

## Hatua ya 6: Soma alama zilizoachwa

Sasa tu ndipo unauliza nani kafanya hivi. Kila chanzo kina mwandiko wake.

Vyuma na kamba. Jeraha la chini kabisa, hadi takriban sentimita 20 kutoka ardhini, lenye michubuko mingi mifupi ya mlalo, ni mashine ya kukata majani, fyekeo au jembe. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kushuku kwenye bustani yenye nyasi hadi shinani. Kamba au waya huacha mfereji mmoja mwembamba unaozunguka, na gome huvimba juu ya mfereji kuliko chini. Wakati mwingine gome limeshaimeza kamba na huioni. Pitisha kidole utahisi tuta.

Meno. Panya huacha mikwaruzo myembamba, milimita 1 hadi 2, ya pande zote bila mpangilio, karibu na ardhi na mara nyingi chini ya matandazo mazito. Sungura ana meno mapana zaidi, na vitawi alivyovikata vina ncha safi ya mshazari. Mbuzi huchuna vipande virefu kuelekea juu, na huweza kusimama kwa miguu ya nyuma, hivyo usishangae jeraha likiwa juu ya kiuno chako.

Jua. Gome lililobonyea, kavu, lililopasuka au kubabuka upande mmoja tu, ule wa jua kali. Hutokea zaidi kwa miche michanga na kwa miti iliyopogolewa sana ghafla, ambayo shina lake lilizoea kivuli. Kwenye nchi za baridi kali huja pia wakati wa theluji: jua la mchana huamsha gome, usiku huligandisha. Nyuma ya gome lililobabuka wadudu huingia baadaye, na mwenye bustani huwalaumu wao.

Wadudu. Tafuta matundu na unga. Matundu madogo ya milimita 1 hadi 3, mengi kama yaliyotobolewa kwa pini, ni mbawakawa wa gome, ambao kwa kawaida huufuata mti uliokwisha dhoofika. Tundu kubwa moja moja, lenye unga wa mbao au vijichembe vilivyosukumwa nje, ni kipekecha shina. Kujua kama bado yumo ndani ni rahisi: fagia unga wote kwa brashi, rudi kesho. Unga mpya maana yake yupo. Vijia vya udongo juu ya gome ni mchwa. Vunja sehemu ndogo utazame gome lililo chini. Likiwa hai na zima, mchwa wanakula tu gome la nje lililokufa. Likiwa limeliwa hadi kwenye majimaji, una kazi ya kufanya.

Kuvu na bakteria. Hapa kuna ulimbo, madoa yaliyolowa, gome lililobonyea lenye pete au vijipele vidogo vyeusi, na mara nyingi harufu. Jeraha lililoanzia mahali palipopogolewa au panapokutana matawi mawili na kuteremka lina sura hii. Lakini ulimbo peke yake hausemi kitu. Mpichi, mchungwa na mwembe hutoa ulimbo kwa kila maumivu, iwe kisu, mdudu, ukame au kuvu. Fungua chini ya ulimbo. Kuna tundu na unga? Mdudu. Gome limelowa na la kahawia bila tundu? Kuvu. Gome lenye afya, mkwaruzo mkavu tu? Ni ajali iliyopita.

Dawa ya magugu. Mashina machanga yenye gome la kijani hufyonza baadhi ya dawa za kuua magugu. Gome hupasuka na kubonyea upande uliopigwa, na machipukizi mapya hutoka yamejikunja au yakiwa membamba kupita kawaida. Jiulize nani alipuliza nini hivi karibuni.

Vyanzo viwili vikionekana pamoja, uliza kipi kilitangulia. Mashine huchuna, kuvu huingia, mbawakawa hufuata. Ukiua mbawakawa na kuacha mashine inaendelea, mwaka ujao utakuwa hapohapo.

## Hatua ya 7: Weka alama, usubiri

Kama jeraha si la dharura, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, andika tarehe, na uache nukta zako za wino. Rudi baada ya wiki 2, kisha 4.

Nukta zikiwa bado kwenye gome hai, chanzo kimesimama. Gome lililokufa likizipita nukta, ugonjwa unatembea na unajua kasi yake. Mti uliolala kwa baridi au ukame hautakuonyesha chochote; anza kuhesabu unapochipua.

Dharura zisizosubiri ni mbili: gome lililobanduka leo na bado lina unyevu, na shingo iliyolowa na kuoza.

## Hatua ya 8: Tibu kulingana na ulichokiona

Gome lililobanduka sasa hivi: lirudishe mahali pake ndani ya saa chache, likandamize, lifunge kwa kitambaa chenye unyevu na nailoni juu yake, kinga jua. Fungua baada ya wiki 2. Likishika, umeokoa miaka.

Jeraha kavu la ajali: kata tu vipande vilivyolegea hadi kwenye gome lililoshikana, kwa ukingo safi. Usichonge umbo la jicho kwa ajili ya uzuri. Kila kipande hai unachokikata ni njia ya sukari unayoifunga. Usipake lami wala rangi. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti hauponyi tishu zilizokufa bali huzijengea ukuta na kukua juu yake. Lami haisaidii kujenga ukuta huo.

Uozo wa shingo: shingo ibaki wazi ikauke, hamisha bomba au mfereji wa maji mbali na shina, sogeza matandazo sentimita 15. Ondoa gome lililooza hadi kwenye lililo hai na uliache wazi. Kama unahitaji dawa ya kuvu, mwulize bwana shamba ukiwa na picha na vipimo vyako, atakujibu kwa uhakika zaidi.

Jua: changanya rangi nyeupe ya maji na maji kwa kiasi sawa, paka shina na matawi yaliyo wazi. Hapa ndipo rangi inapofaa, na ni kwenye gome lisilo na jeraha. Mchanganyiko wa mafuta usiuguse.

Kipekecha: ingiza waya taratibu ufuate njia yake mpaka uhisi kitu laini, umwue. Usimimine petroli, inaua gome kabla ya mdudu.

Meno na mashine: zungushia wavu wa chuma usiogusa shina, na ondoa nyasi angalau nusu mita kuzunguka mti. Hakuna dawa inayoshinda hili.

Pete nzima: vikonyo vya mti huohuo hupandikizwa kama daraja, kimoja kila baada ya sentimita 5 hadi 8, juu na chini ya pete, wakati gome linaachia vizuri. Kama hujawahi kubebesha, mtafute anayejua, maana nafasi ni moja.

Kwa mti wowote uliopoteza zaidi ya robo, punguza matunda ya msimu huu, mwagilia kwa kiasi, na usiumwagie mbolea nyingi ya naitrojeni ukitaka uharakishe.

Umefaulu ukiona: baada ya msimu mmoja wa ukuaji, mdomo mnene na laini wa gome jipya pande zote za jeraha, na upana wa sehemu iliyo wazi umepungua kwenye daftari lako.

Kama badala yake mti unakauka juu na machipukizi yenye nguvu yanatoka chini, angalia yanatoka wapi kabla hujashangilia. Yakitoka juu ya kiungo cha kubebeshea, chagua moja lililonyooka, ulilee, na utapata tena tunda lilelile. Yakitoka chini ya kiungo, hayo ni ya shina la chini. Libebeshe upya kwa kikonyo cha mti wako wakati bado lina nguvu za mizizi ya zamani.